Kuuza cha Zamani Ununue Kipya: Kutoka Berkeley Mpaka Chwele

Poleni kwa kimya cha wiki kadhaa. Kazi zilikuwa nyingi na, kusema kweli, nilikuwa nimegeuka mchuuzi.

Mambo yalianza hivi. Ninaandika programu kwa laptopu yenye skrini ya inchi 14. Yeyote aliyewahi kubana msimbo upande mmoja na kivinjari upande wa pili anayajua mateso hayo. Nilitaka skrini kubwa ya pili. Nikaiona dukani Luthuli Avenue, bei shilingi 21,000, na mfukoni sikuwa nazo. Basi nikafanya kile ambacho wengi wenu mmewahi kufanya: nikaketi kitandani, nikakizungusha macho chumba changu, nikajiuliza, humu ndani ni nini hakitumiki?

Simu ya zamani yenye ufa kwenye kona: 6,500. Kamera ndogo niliyoiacha tangu simu zianze kupiga picha nzuri: 4,000. Ruta: 1,000. Kibodi: 900. Nikapiga picha, nikaweka mtandaoni, na baada ya siku tisa nilikuwa na 12,400. Bado 8,600. Hapo nikakumbuka kompyuta ya mezani iliyoko nyumbani kwetu Bungoma, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma, kando ya televisheni. Nikamwomba ndugu yangu mdogo aipige picha. Nikaitangaza kwa 4,500. Siku iliyofuata mtu mmoja wa Webuye akanitumia rubani ya 1,000 ili nisimuuzie mwingine.

Jioni Mama akapiga simu.

Aliyoniambia nitayaeleza mwishoni. Kwa sasa mjue tu kwamba sikupata usingizi, na nisipopata usingizi huwa nasoma. Nikaanza kutafuta: ni nani wa kwanza kutumia kompyuta kuuza alichonacho ili apate anachokitaka? Jibu lilinishangaza, kwa sababu jambo hili ni la kale kuliko wavuti yenyewe.

Mashine ndani ya katoni, 1973

Agosti 1973, mjini Berkeley, California, watu waliokuwa wakiingia kwenye duka la santuri liitwalo Leopold's Records walikuta kitu kigeni kando ya ubao wa matangazo. Ubao wenyewe haukuwa mgeni. Wanamuziki waliutumia kila siku: huyu anatafuta mpiga besi, yule anauza gita. Kigeni kilikuwa katoni kubwa yenye matundu mawili ya kuingiza mikono na dirisha la kuchungulia. Ndani yake mlikuwa na teletaipu, yaani taipureta inayozungumza na kompyuta kupitia laini ya simu. Katoni ilikuwa ya kupunguza kelele, maana mashine hizo zilipiga makelele kama cherehani nzee. Kasi yake? Herufi 10 kwa sekunde.

Upande wa pili wa laini, San Francisco, kulikuwa na kompyuta ya SDS 940, kubwa mno. Mradi uliitwa Community Memory, na miongoni mwa waliouanzisha walikuwa Lee Felsenstein, Efrem Lipkin na Mark Szpakowski. Amri muhimu zilikuwa mbili: ADD, uongeze tangazo lako, na FIND, utafute la mwenzako. Hakukuwa na nywila wala kujisajili. Wenyewe walitarajia watu watafute nyumba, magari na kazi. Wanamuziki wa ule ubao nao wakaivamia kwa kasi, wakitafutana na kuuziana vyombo.

Angalieni jambo moja. Mashine ile haikushika pesa hata senti. Ilikuonyesha tangazo, ukachukua namba ya simu, mkakutana, mkamalizana wenyewe. Ukitazama vikundi vya kuuza na kununua kwenye simu yako leo, utaona kuwa mpango haujabadilika sana kwa zaidi ya miaka 50. Kilichobadilika ni kwamba katoni haihitajiki tena.

Jaribio lile la kwanza lilikwisha mapema 1975. Lakini Felsenstein hakwenda mbali. Alikuwa mwendeshaji wa mikutano ya Homebrew Computer Club, klabu ya wapenda kompyuta iliyokutana mara ya kwanza Machi 1975 katika gereji moja mjini Menlo Park. Katika klabu hiyo alikaa kijana mmoja mwenye haya, mfanyakazi wa Hewlett-Packard, jina lake Steve Wozniak.

Kikokotoo na gari, 1976

Hadithi ya Apple mmeisikia mara nyingi, ila watu huharakisha kufika kwenye mabilioni na kuruka sehemu inayotuhusu sisi wa mfuko mdogo.

Mwanzoni mwa 1976 Wozniak alikuwa amebuni kompyuta, na rafiki yake Steve Jobs alitaka wauze bodi zake. Kutengenezesha mchoro wa bodi kulihitaji fedha. Hawakuwa na mkopo wala mwekezaji. Walikuwa na vitu. Wozniak alikuwa na kikokotoo cha HP-65, kilichotoka 1974 kwa bei ya dola 795 na ambacho kilikuwa cha kwanza cha mkononi kuweza kuhifadhi programu kwenye kadi ya sumaku. Kwa mhandisi wa wakati ule hicho kilikuwa kama laptopu yako bora kabisa. Jobs alikuwa na gari lake la Volkswagen, lile la umbo la mkate.

Wakauza. Sasa sikilizeni yaliyofuata, kama yalivyoelezwa katika wasifu wa Jobs ulioandikwa na Walter Isaacson mwaka 2011. Wozniak alikubaliana na mnunuzi dola 500, lakini mnunuzi akalipa nusu tu. Jobs aliuza gari kwa dola 1,500, na baada ya wiki mbili mnunuzi akarudi akilalamika kuwa injini imekufa. Jobs akakubali kulipa nusu ya matengenezo. Mwishowe walibaki na mtaji wa kama dola 1,300 hivi.

Kwa mtaji huo kampuni ilianzishwa tarehe 1 Aprili 1976. Paul Terrell, mwenye duka la Byte Shop, akaagiza kompyuta 50 zilizoundwa kikamilifu, kila moja kwa dola 500, na Apple I ikauzwa rejareja kwa dola 666.66.

Mimi mabilioni yaliyofuata hayakunishangaza. Kilichonikaa ni kwamba katika mauzo mawili tu yalijitokeza matatizo yote mawili ya biashara hii: mnunuzi asiyemaliza kulipa, na bidhaa inayokufa baada ya kuuzwa. Na hao walikuwa watu waliokutana ana kwa ana! Sasa weka mtandao katikati, muuzaji awe mji mmoja na mnunuzi mji mwingine. Itakuwaje?

Usenet: jina lako ndilo dhamana

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet, mfumo wa kusambaza ujumbe kati ya kompyuta za vyuo na makampuni. Ujumbe uligawanywa kwa mada, na vikundi vilipopangwa upya mwaka 1986 na 1987, uuzaji ukapata makao yake: misc.forsale. Baadaye kompyuta zikapata kikundi chao peke yao.

Humo ndimo wahandisi walimouziana modemu, diski, kumbukumbu na skrini. Mtu anapata mashine mpya, anaiuza ya zamani, na wa ngazi ya chini yake anapanda. Mwanafunzi ananunua kilichoachwa na mhandisi, naye anauza chake kwa anayeanza. Ni ngazi, na kila mtu anakanyaga kipago alichokiacha mwenzake.

Kwa nini mtu alithubutu kutuma hundi kwa mgeni? Kwa sababu mgeni hakuwa mgeni kabisa. Anwani yake ilionyesha chuo au kampuni yake. Ukimdhulumu mtu, angeweza kumwandikia msimamizi wa mitambo ya kazini kwako. Jina lako lilikuwa dhamana. Lakini kuanzia 1993 na 1994 makampuni ya huduma za mtandao, AOL ikiwemo, yaliwafungulia wateja wao mlango wa Usenet, na umati ukaingia. Dhamana ya jina ikapungua nguvu. Wakati huo huo wavuti ilikuwa inakua. Palihitajika kitu kingine.

Kijana wa miaka 28 na wikendi ndefu, 1995

Hapa nitakaa kidogo, maana huyu ni mtu wa fani yangu na alikuwa rika langu.

Pierre Omidyar alizaliwa Paris kwa wazazi Wairani, akasomea sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Tufts, na mwaka 1995 alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya General Magic. Wikendi ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba 1995, alikaa nyumbani akaandika programu ya mnada. Akaiita AuctionWeb, akaiweka kwenye tovuti yake binafsi, ebay.com, pamoja na kurasa zake nyingine, ukiwemo mmoja uliohusu virusi vya Ebola. Naam, Ebola. Tovuti binafsi za miaka ile zilikuwa hivyo.

Programu yenyewe ingekufanya ucheke. Iliandikwa kwa Perl. Kila bidhaa ilikuwa faili yake peke yake. Hapakuwa na kisanduku cha kutafuta. Ulipitia makundi ya bidhaa hadi ulipoona ulichotaka. Wale wenzangu mnaochelewesha miradi miezi sita mkibishana kuhusu hifadhidata ipi ni bora, someni hapo mara mbili.

Miongoni mwa vitu vya kwanza alivyoviweka mwenyewe ni kalamu yake ya kuelekezea ya leza, iliyoharibika. Aliandika waziwazi kuwa ni mbovu. Bei ilianza dola 1, watu wakashindana, ikauzwa kwa dola 14.83. Omidyar akamwandikia mnunuzi kuuliza kama ameelewa kuwa kitu hakifanyi kazi. Jibu likaja kwamba yeye hukusanya kalamu za leza zilizoharibika. Hapo Omidyar akaona kilichomfungua macho: kile ambacho kwako ni takataka, kuna mtu mahali anakitafuta, na shida imekuwa tu kwamba hamjawahi kukutana.

Kuna hadithi nyingine maarufu, kwamba aliunda tovuti ili mchumba wake akusanye vikopo vya peremende za Pez. Hiyo ilitungwa na ofisa wa mawasiliano wa kampuni mwaka 1997, baada ya kuona waandishi wa habari hawana hamu na ukweli. Kalamu ya leza haikuwavutia vya kutosha.

Huduma ilikuwa ya bure mpaka Februari 1996, pale kampuni iliyomuuzia nafasi ya mtandao ilipopandisha ada kutoka dola 30 hadi 250 kwa mwezi kwa sababu ya wingi wa wageni. Akaanza kutoza asilimia ndogo ya mauzo. Hakuwa na njia ya kumlazimisha mtu alipe. Bahasha zikaanza kumiminika nyumbani kwake, nyingine zikiwa na hundi, nyingine na sarafu zilizobandikwa kwenye kadi. Pesa zilikuwa nyingi hata akaajiri mtu wa kuzifungua.

Mwezi huo huo akafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko mnada wenyewe. Barua pepe za malalamiko zilikuwa zimemchosha: huyu hakulipa, yule hakutuma. Badala ya kuwa hakimu, akafungua ukurasa ambapo wanunuzi na wauzaji wangepeana alama hadharani: chanya, hasi au ya katikati. Jumla ingeonekana kando ya jina lako daima. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Omidyar aliwapa watu wasiojuana daftari moja la pamoja, na mali iliyoandikwa humo ilikuwa uaminifu.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Septemba 1997 tovuti ikachukua jina la eBay. Septemba 1998 hisa zikauzwa kwa umma kwa dola 18, na siku ya kwanza zikafunga kwa zaidi ya dola 47. Juni 1999 mitambo ikazima kwa takriban saa 22, na nchi nzima ikagundua kuwa kuna watu wanaoishi kwa kuuza vitu vya stoo. Ile Perl ya wikendi ilishabadilishwa kuwa C++, ambayo ilivimba hadi kupita mistari milioni 3 kabla ya kuandikwa upya kwa Java. Mwaka 2002 wakainunua PayPal kwa dola bilioni 1.5, maana mnada bila njia ya kulipa ni mkokoteni bila gurudumu.

Kwa nini alama zile zilifaa

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala kuhusu magari ya mtumba, iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Nitaieleza kwa laptopu.

Tuseme laptopu nzima ya mtumba ina thamani ya 30,000, na mbovu inayofanana nayo kwa nje ina thamani ya 10,000. Muuzaji anajua yake ni ipi. Wewe hujui. Basi unatoa bei ya katikati, 20,000. Mwenye laptopu nzima anaona anadhulumiwa, anarudi nayo nyumbani. Mwenye mbovu anafurahi, anabaki. Wanunuzi wanagundua kuwa sokoni zimebaki mbovu tu, wanashusha bei zaidi. Mwishowe hakuna biashara, ingawa walikuwepo watu wenye vitu vizuri na watu waliovitaka.

Tuna methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni methali hiyo inapata taabu, kwa sababu vyote viwili vinajitembeza, tena kwa picha ile ile. Ndiyo maana daftari la alama lilikuwa na thamani ya fedha taslimu. Katika jaribio la mtafiti Paul Resnick na wenzake, lililochapishwa 2006, muuzaji mzoefu wa kadi za posta za zamani aliuza kadi zinazolingana kwa jina lake lenye alama nyingi na pia kwa majina mapya. Jina la zamani lilipata bei ya juu kwa asilimia 8.1. Jina jema, kumbe, lina bei, na watu wameipima.

Na kwetu je?

Kwetu ubao wa Leopold's ulikuwa ukurasa wa matangazo madogo gazetini, ukuta wa saiba, na ubao wa notisi chuoni wenye karatasi iliyokatwa vipande vya namba ya simu chini. Mtindo wa eBay haukutuingia vizuri, na sababu ziko wazi. Kadi za benki za kulipia mtandaoni zilikuwa za wachache. Nyumba nyingi hazina anwani ya kupelekewa mzigo, barua zetu huenda kwenye sanduku la posta. Utanitumiaje kioo cha kompyuta kwenye sanduku la posta?

Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa, na upande wa malipo ukapata dawa. Julai 2009 kebo ya SEACOM ya chini ya bahari ikafika, na mtandao ukawa wa kasi. Kisha zikaja tovuti za matangazo. Wengi wetu tunaikumbuka OLX na matangazo yake kila mahali. Mwaka 2019 biashara yake ya Kenya, Tanzania, Uganda, Nigeria na Ghana ilinunuliwa na Jiji, kampuni iliyoanzia Nigeria. Facebook nayo ilifungua soko lake Oktoba 2016 kwa nchi chache kabla ya kulieneza.

Lakini angalia tunavyofanya kwa kweli. Tunaona tangazo, tunapiga simu, tunaambiana "tukutane Archives", tunawasha kitu pale pale, tunachomeka chaja, tunalipa kwa M-Pesa, tunaachana. Tulirudi kwenye ile katoni ya 1973! Mashine inatukutanisha, mengine ni macho yako na busara yako. Nadhani si bahati mbaya. Daftari la alama linahitaji mfumo mmoja unaoona biashara tangu mwanzo hadi mwisho, na biashara yetu humalizikia kando ya barabara.

Na walaghai wako pale pale kando ya barabara. Yule wa kwanza aliyekuja kuchukua simu yangu alinionyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba pesa zimetumwa. Nami nikapokea ujumbe unaofanana na wa M-Pesa, ila ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Nikamwambia, "Boss, ngoja kidogo niangalie salio." Akasema anaenda kununua maji. Mpaka leo hajarudi. Nawaomba, angalieni salio kila mara, msitosheke na ujumbe.

Kinachobaki ndani ya diski

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Kati ya 2000 na 2002 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski kuu 158 za mtumba, nyingi zikitoka kwenye minada ya eBay. Zilizofanya kazi zilikuwa 129. Zilizosafishwa ipasavyo zilikuwa 12 tu! Katika zilizobaki walikuta barua za mapenzi, rekodi za wagonjwa, na zaidi ya namba 5,000 za kadi za benki. Ripoti ilitoka 2003.

Sababu ni ya kiufundi na inafaa kila mtu aijue. Ukifuta faili kwenye diski ya aina ile, kompyuta haifuti maandishi. Inafuta tu mstari kwenye faharasa unaosema faili liko wapi. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu ukadhani umechoma kitabu. Sura zote bado zimo. Ili kusafisha lazima uandike juu ya diski nzima, au uwe uliifunga kwa usimbaji tangu mwanzo kisha uuharibu ufunguo. Simu nyingi za sasa hufanya hilo la pili unaporudisha mipangilio ya kiwandani. Kompyuta za zamani hazifanyi.

Na hapo ndipo nilipoketi kitandani saa nane usiku nikahisi baridi, kwa sababu nilikuwa nimeuza kompyuta ambayo sikuwahi kuuliza ndani yake mna nini.

Alichosema Mama

Kompyuta ile ilinunuliwa 2010, ikiwa tayari mtumba. Nilikuwa na miaka 13. Mama alitoa mtamba mmoja akampeleka soko la mifugo la Chwele, akarudi na shilingi 14,000, na wiki hiyo hiyo Pentium 4 yenye skrini nzito kama jiwe la kusagia ikaingia sebuleni. Majirani walimcheka. Ng'ombe anatoa maziwa, kompyuta inatoa nini? Juu ya mashine ile ndipo nilipoandika programu yangu ya kwanza. Mshahara wangu wa leo, ukiufuata nyuma hatua kwa hatua, unafika kwa yule mtamba.

Nilidhani Mama amekasirika kwa ajili ya kumbukumbu hizo. Hapana.

"Mwanangu," aliniambia, "nani alikuambia haitumiki?"

Kumbe tangu nilipoondoka kwenda chuo, Mama amekuwa akiwasha kompyuta ile kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Humo mna hesabu za chama chao cha akina mama: nani amechanga, nani amekopa, nani bado anadaiwa, miaka 11 mfululizo. Mimi ndiye niliyemfundisha kutumia lahajedwali likizo moja, kisha nikasahau. Yeye hakusahau. Wakibishana kuhusu deni, mwenyekiti husema, "Twendeni tukaulize mashine." Daftari jingine hawana. Wala nakala hawana.

Omidyar alijenga daftari la uaminifu la watu wasiojuana. Mimi, mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, nilikaribia kuuza la watu wanaojuana kwa 4,500, pamoja na majina yao na madeni yao, kwa mtu wa Webuye nisiyemjua.

Nikarudisha ile rubani asubuhi yake. Yule mnunuzi alinitukana kidogo, na nikaona ana haki. Kwenye tovuti yenye alama, ningestahili hasi. Wikendi hiyo nikapanda basi la usiku kwenda Bungoma, nikanakili kila kitu mara tatu, moja kwenye kifimbo cha USB ambacho Mama amekifunga kwenye leso na kukiweka anakojua yeye.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na nilikuwa tayari kuwaandikia hitimisho zuri la namna hiyo: tunzeni vya zamani, msikimbilie vipya. Lakini nilipomaliza kunakili, Mama alikuwa amesimama nyuma yangu akiangalia laptopu yangu.

"Hii yako haina waya nyingi," akasema. "Hata umeme ukipotea inaendelea?"

"Inaendelea, Mama."

Akafikiri. "Basi nitafutie ndogo kama hiyo. Halafu ile ya zamani uiuze."

Ndiyo hivyo. Kipya kinyemi. Nimeshasafisha diski nzima, nimempatia Mama laptopu ndogo ya mtumba niliyoipata kwa mwanafunzi mmoja anayemaliza chuo, naye amenunua yenye nguvu zaidi. Mimi skrini yangu itasubiri mwezi ujao. Kompyuta ya mezani imerudi mtandaoni, ikiwa na maelezo ya kweli: inawaka, feni ina kelele, kitufe cha herufi Q kimekwama.

Tatizo ni bei tu. Mama amekataa katakata ishuke chini ya 14,000, kwa sababu hiyo ndiyo bei ya ng'ombe. Nimemweleza kuhusu kuchakaa, nimemweleza kuhusu soko, nimemweleza kuhusu Akerlof. Anasema kama mtu fulani Marekani alinunua kalamu mbovu, na wa kununua hii yupo, ni vile tu hatujakutana.

Kama ni wewe, nipigie. Tutakutana Archives.